Windows na Linux kwenye diski mpya: unakili diski nzima, uhamishe patisheni mojamoja, au upige upya?

Laptopu nyingi zinazouzwa Darajani na Mlandege ni za mtumba, zimetoka ng'ambo na diski ya kuzunguka ya GB 500. Haupiti muda mwenyewe anataka kuivua ile diski atie SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Kwa mwenye Windows peke yake hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kwa mwanafunzi wa Tunguu aliyeweka Ubuntu, aina moja ya Linux, kando ya Windows, au mhasibu wa Chake Chake anayefanya hesabu za ofisi kwenye Windows na shughuli zake kwenye Linux, mambo ni mengine. Hapo kuna patisheni, yaani vigawanyo vya diski, tano au sita kwenye mstari mmoja, kila moja ina masharti yake, na diski mpya karibu kila mara ina ukubwa tofauti na ya zamani.

Njia za kuhama ni tatu. Unaweza kunakili diski nzima kama ilivyo, kisha ukabadilisha ukubwa wa patisheni kwenye diski mpya. Unaweza kuanza kwa kuichora diski mpya kwa vipimo unavyotaka, ukahamisha patisheni mojamoja. Au unaweza kupiga, yaani kusimika, Windows na Linux upya na kurudisha mafaili yako tu. Zote tatu zinafika. Kinachozitofautisha ni nani anahatarisha nini, na hasa nini kinatokea umeme ukikatika katikati ya kazi. Kwa walio wengi hapa visiwani mimi napendekeza njia ya pili, ingawa ndiyo inayodai kuelewa zaidi.

Itazame diski kabla hujachagua

Washa Linux, fungua dirisha la amri, andika `lsblk -f`. Diski ya GB 500 yenye mifumo miwili aghalabu imepangwa hivi, kutoka kushoto kwenda kulia:

```
EFI (FAT32)         100 MB
MSR                  16 MB
C: (NTFS)           250 GB
Ukarabati (NTFS)    600 MB
Ubuntu (ext4)       200 GB
Swap                  8 GB
```

EFI ni ya kuwashia mashine, MSR ni ya akiba ya Windows, Ukarabati ni ya kuitengeneza Windows ikiharibika, na swap ni kumbukumbu ya ziada ya Linux. FAT32, NTFS na ext4 ni mifumo ya mafaili, yaani namna mafaili yanavyopangwa ndani ya patisheni. Mpangilio huu una maana kuliko namba zenyewe. Patisheni zimebanana kama nyumba za Mji Mkongwe, ukuta kwa ukuta: huongezi chumba mpaka jirani wa upande ule ahame. Windows huikuza C: kwa kutumia nafasi tupu iliyoshikana nayo upande wa kulia, basi. Ukinakili diski hii kwenda ya TB 1, nafasi yote mpya inaangukia mwisho kabisa, baada ya swap. Kati yake na C: wamekaa watatu: Ukarabati, Ubuntu na swap. Ndiyo maana watu hufungua Disk Management, wakaona GB 500 tupu pale mwisho, na kitufe cha kuiongeza C: kimefifia hakibonyezeki. Diski haina ubovu wowote.

Ubuntu nayo, kwenye mpangilio huu, imezuiliwa na swap tu. Swap ikiondoka, ext4 hukua kwenda kulia kwa sekunde chache kwa sababu data haisogei, mpaka tu ndio unaosogezwa. Kukua kwenda kushoto ni habari nyingine: mwanzo wa patisheni ukisogea, data yote lazima ihamishwe.

Angalia jambo moja zaidi, kama jedwali la patisheni la diski ni la GPT, la kisasa, au la MBR, la zamani. Amri `sudo parted -l` itakuandikia gpt au msdos (yaani MBR). MBR inakubali patisheni kuu nne tu na haivuki TB 2, na kwenye mashine za zamani Linux mara nyingi imewekwa ndani ya patisheni ya nyongeza, ile inayobeba nyingine ndani yake. Ukikuta hivyo, jibu lako linaweza kuwa njia ya tatu, kama nitakavyoeleza.

Kunakili diski nzima

Hii ndiyo inayopendwa, na sababu zake ni za haki. Kila kitu kinahama pamoja na vitambulisho vyake: UUID (namba za utambulisho) za mifumo ya mafaili, namba za diski na za patisheni. GRUB, programu inayoiwasha Linux, inakuta inachokitafuta, Windows inakuta inachokitafuta, na mara nyingi mashine inawaka bila matengenezo yoyote. Kwa mtu asiyetaka kugusa amri za kurekebisha uwashaji, hilo lina thamani kubwa.

Ndani yake kuna chaguo jingine. Amri ya Linux `dd` inasoma kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski, iwe na kitu au iwe tupu. Clonezilla, zana ya kunakili diski iliyotengenezwa na kituo cha NCHC cha Taiwan, inatumia partclone na kusoma sehemu zilizotumika tu. Tofauti unaihisi kwenye saa. Kwa kebo ya USB 3 na diski ya kuzunguka inayotoa kama MB 90 kwa sekunde, GB 500 za `dd` ni saa moja na nusu. Ukiwa na data ya GB 180 tu, Clonezilla inamaliza kama nusu saa. Kasha la kuitia SSD likiwa la USB 2 linashusha mwendo hadi MB 30 na kitu, na hapo `dd` inakula saa nne. Kabla ya kununua kasha, hakikisha ni la USB 3. Tofauti ya bei ni ndogo.

Mtego wa kwanza wa njia hii ni ukubwa. SSD ya GB 480 ni ndogo kuliko diski ya GB 500, hata kama pana nusu ya nafasi tupu. `dd` itafika mwisho wa SSD na kuukata mkia wa diski, na mkiani ndiko inakokaa patisheni ya mwisho pamoja na nakala ya akiba ya jedwali la GPT. Clonezilla kwa kawaida inagoma kuandika kwenye diski ndogo, na heri igome.

Mtego wa pili unakuja diski mpya ikiwa kubwa. Ile nakala ya akiba ya GPT inabaki pale diski ya zamani ilipoishia, yaani katikati ya diski mpya. GParted, zana ya Linux ya kupanga patisheni, hulitambua hilo na kuuliza irekebishe; kubali. Kwa mkono, `sudo sgdisk -e` na jina la diski hufanya kazi hiyo hiyo.

Halafu ukubwa wenyewe bado haujabadilika. Kazi uliyotaka kuikwepa inakungoja: ondoa swap, sogeza Ubuntu kulia na data yake yote, sogeza Ukarabati, kisha ndiyo ukuze C:. Clonezilla ina chaguo la kupanua patisheni kwa uwiano, lakini uwiano si matakwa yako. Ukitaka nafasi yote mpya iende Ubuntu na C: ibaki ilivyo, chaguo hilo halikusaidii.

Kwa hiyo naiona njia hii ni nzuri kwa mtu wa aina moja: diski yake mpya ni kubwa, patisheni anayotaka kuikuza ndiyo ya mwisho au karibu na mwisho, na hataki kabisa kugusa mambo ya uwashaji. Kwa huyo, asitafute nyingine.

Patisheni mojamoja

Hapa unawasha mashine kwa flashi ya GParted Live, unatengeneza jedwali jipya la GPT kwenye SSD, na unaichora diski upya kwa akili yako. EFI ya MB 100 unaweza kuifanya MB 512, ipumue. C: unaipa kiasi unachojua itatumia. Patisheni unayotarajia itakua baadaye unaiweka ya mwisho, ili siku ukihama tena isizuiliwe na mtu. Kisha kwenye GParted unachagua patisheni ya zamani, unanakili, unabandika kwenye nafasi yake mpya. Pakiwa pakubwa kuliko ilikotoka, GParted inaukuza mfumo wa mafaili ujaze nafasi yenyewe.

Faida yake kubwa ni hii: data inasafiri mara moja tu, na inatua moja kwa moja mahali pake pa kudumu. Data ya diski ya zamani inasomwa tu, haisogezwi. Umeme wa Unguja unapita waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wa Pemba unatoka Tanga, na ukikatika haupigi hodi. Ukikatika wakati patisheni ya Ubuntu imefika asilimia 70, unafuta ile iliyokatika kwenye SSD na kubandika tena, hujapoteza chochote zaidi ya muda. Linganisha na mtu anayesogeza mwanzo wa patisheni kwenye diski pekee aliyonayo. Nusu ya data iko mahali pa zamani, nusu mahali papya, na mfumo wa mafaili hauelewi umeanzia wapi. Kurudisha vitu baada ya hapo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data, na si kila mara wanaweza.

Gharama yake ni kwamba vitambulisho vya patisheni vinakuwa vipya, na vipo vitu vinavyovitegemea. Nieleze hapa kwa urefu, maana ndipo watu wanapokata tamaa na kudhani wameharibu.

MSR haina data. Itengeneze tu ya MB 16 na uiwekee bendera (alama ya aina ya patisheni) ya msftres. EFI usiinakili kama patisheni, itengeneze upya kwa FAT32, iwekee bendera ya esp, kisha nakili mafaili yake kwa `cp -r`. Kwa kuwa ni mpya, UUID yake imebadilika, kwa hiyo fungua `/etc/fstab` (orodha ya patisheni zinazofunguliwa mashine ikiwaka) ya Ubuntu iliyohamia kwenye SSD na urekebishe mstari wa `/boot/efi`. UUID ya FAT32 ni fupi, tarakimu nne, kistari, tarakimu nne, na `blkid` itakuonyesha ile mpya. Ukiuacha mstari wa zamani, Ubuntu itangoja sekunde 90 kisha itakutupa kwenye hali ya dharura. Swap nayo ni hivyo hivyo: ukitengeneza mpya bila kubadilisha fstab, mashine itangoja sekunde 90 kila ikiwaka, ingawa mwishowe itaendelea. Ukiona Ubuntu imehamia SSD na bado inachelewa kuwaka, angalia hapo kwanza.

Ili UEFI, programu ya ndani ya mashine inayoanzisha uwashaji, iijue Ubuntu kwenye diski mpya, ukiwa kwenye flashi ya Ubuntu iliyowashwa kwa UEFI andika:

`sudo efibootmgr -c -d /dev/sda -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'`

Weka jina halisi la SSD yako. Ya NVMe itaitwa `/dev/nvme0n1`. Soma `lsblk` mara mbili kabla ya kubonyeza.

Windows itakataa kuwaka mwanzoni na kuonyesha skrini ya buluu yenye namba 0xc000000e. Namba hiyo inatisha bure. Maana yake ni kwamba orodha ya uwashaji inatafuta patisheni kwa kitambulisho cha zamani. Washa kwa flashi ya Windows, kwenye ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10, dirisha la amri litafunguka. Ingia `diskpart`, andika `list volume`, chagua ile ndogo ya FAT32, ipe herufi kwa `assign letter=S`, toka. Kisha `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`. Kwenye flashi ya kusimikia herufi zinaweza kubadilika, kwa hiyo andika kwanza `dir C:\` uone kama folda ya Windows iko hapo; kama haipo jaribu D:. Windows ikishawaka, `reagentc /info` itakwambia kama patisheni ya Ukarabati bado inatambuliwa.

Ukiyatazama yote hayo, ni amri chache. Fundi anayezijua anazimaliza kabla chai haijapoa. Asiyezijua azichape kwenye karatasi kabla ya kuanza, kwa sababu wakati wa kuzihitaji kompyuta yake haitawaka.

Kupiga upya

Nitakuwa mfupi. Njia hii inafaa kama diski yako ni ya MBR na mashine inaweza UEFI, kama Windows yako imechakaa kwa virusi, au kama unaondoka Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows ina chombo cha kugeuza MBR kuwa GPT, `mbr2gpt`, lakini kinakataa diski yenye patisheni ya nyongeza, na diski nyingi za MBR zenye Linux zinayo. Windows 11 nayo inadai UEFI na TPM 2.0 (chipu ya usalama), mashine isiyo nayo, usiipotezee muda.

Piga Windows kwanza, Linux baadaye, kwa sababu Windows hujiweka mbele kwenye orodha ya uwashaji. Folda yako ya nyumbani ya Ubuntu irudishe kwa `rsync -aHAX`, ruhusa za mafaili zisipotee.

Gharama yake ni bando. Faili la kusimikia Windows 11 linazidi GB 5, la Ubuntu 24.04 vilevile, na bado hujaanza masasisho wala programu zako. GParted Live na Clonezilla ni chini ya GB 1 kila moja. Mtu wa Wete au Micheweni anayenunua bando la simu ataipima tofauti hiyo mwenyewe. Na programu ya hesabu au ya uchoraji uliyoisajili mara moja, huenda ikataka kusajiliwa tena.

Diski mpya ikiwa ndogo

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu SSD ya GB 256 ndiyo mfuko unaoimudu. Windows itaihesabu kuwa GB 238. Hapa kanuni yangu ya kutoigusa diski ya zamani inabidi ilegezwe kidogo, na njia ya pili inailegeza kidogo kuliko ya kwanza. Ukinakili diski nzima, kwanza upunguze kila kitu kwenye diski ya zamani, usogeze kila kitu kushoto, ndipo unakili. Hizo ndizo saa za hatari, kwenye nakala pekee uliyonayo. Ukihamisha mojamoja, unapunguza C: tu. Ubuntu huipunguzi kabisa: unatengeneza ext4 mpya ndogo kwenye SSD na kuhamisha mafaili kwa `rsync`, kisha unarekebisha UUID kwenye fstab na kusimika GRUB tena kwa `grub-install` na `update-grub`. Na hili ndilo jibu pekee kwa mwenye XFS, mfumo mwingine wa mafaili wa Linux, ambayo hukua tu wala haipunguki. Btrfs, nao ni mfumo wa mafaili wa Linux, inapunguka hata ikiwa inatumika. Ext4 inapunguka ikiwa haijafunguliwa, yaani kutoka kwenye flashi.

C: ipunguze kwa Windows yenyewe. Ikikwambia inaweza kutoa GB 20 tu ilhali pana GB 150 tupu, kuna mafaili yasiyosogezeka katikati ya diski: faili la kulaza mashine, faili la kumbukumbu ya ziada, na nakala za System Restore. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, zima hayo mengine mawili kwa muda, washa upya, jaribu tena. Usikamue hadi tone la mwisho: kama kilichotumika ni GB 90, iache C: kwenye 120 au 130.

Hiyo `powercfg /h off` iandike kwa njia yoyote utakayochagua. Inazima pia ule uwashaji wa haraka ambao huiacha NTFS nusu usingizini kila unapozima mashine, na zana za Linux hukataa kuigusa ikiwa hivyo.

BitLocker

Kwenye Windows 11 usimbaji wa diski uitwao BitLocker, unaoifunga data kwa ufunguo wa siri, unaweza kuwa umejiwasha wenyewe siku ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila wewe kukumbuka kukubali. GParted haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni ya BitLocker, na Clonezilla itainakili sekta kwa sekta, tupu na zote. Andika `manage-bde -status`. Ikiwa imewashwa, pata kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48 kutoka kwenye akaunti yako, kisha `manage-bde -off C:` na ungoje mpaka isome asilimia 0. Ukifika SSD utaiwasha tena. Wenye LUKS, usimbaji wa upande wa Linux, wana ngazi zaidi za kukuza, kasha la LUKS kwanza, kisha LVM (tabaka la kugawa nafasi) ikiwepo, kisha mfumo wa mafaili, na kwa hao kupiga Linux upya na kurudisha `/home` mara nyingi ni wepesi zaidi.

Siku ya kazi

Mafaili usiyoweza kuyapata tena, picha za harusi, tasnifu, vitabu vya hesabu vya skuli, yaweke kwanza kwenye flashi au diski ya tatu, njia iwe yoyote. Angalia uniti za umeme za Tukuza. Laptopu yenye betri nzima inajikinga yenyewe. Yenye betri iliyokufa ihesabu kama kompyuta ya mezani na uitafutie UPS (betri ya akiba).

Ukimaliza kunakili, zima mashine na uitoe diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Nakala nzima ina vitambulisho sawasawa na asili, na mfumo ukikuta diski mbili zenye UUID moja unaweza kuwaka kutoka ile usiyoitaka, ukaandika humo, nawe ukadhani uko kwenye SSD. Ile ya zamani iandike tarehe juu yake na uiweke pakavu, mbali na hewa ya bahari. Isifutwe mpaka Windows imepokea sasisho moja kubwa na Ubuntu imepata kernel (kiini cha Linux) mpya na kuwaka nayo. Sasisho la kernel huandika upya mipangilio ya GRUB, na kosa lililojificha kwenye fstab au EFI hujitokeza wakati huo.